Kiraka Kinachoshika

Karakana ya baiskeli ilikuwa imefagiliwa.

Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Inspekta alipoinama kupita chini ya mnyororo wa mlangoni, na lilimkera kidogo, maana sakafu iliyofagiliwa haina la kusema. Lakini hakumlaumu mtu. Aliyefagia ni mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara, na alifagia kwa sababu kikombe kilikuwa kimevunjika, akaogopa kwamba mzee fundi, mwenye karakana, akirudi atajikata mguu. Akirudi. Hospitalini hakuna aliyekuwa na hakika ya neno hilo. Mshonaji alikuwa nayo, yeye na ufagio wake.

"Mimi nasema sumu, afande," alisema Koplo.

Koplo alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na haraka zisizolingana na kitambi hicho. Inspekta naye kituoni walikuwa wakimwita Bi Taratibu, mbele yake na nyuma yake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku jiko la kituo liliposhika moto. Siku ile alitembea hadi kwenye ndoo, akatembea nayo hadi jikoni, akauzima.

"Sumu ya wapi?"

"Ya kwenye chai. Binti mkubwa wa mzee ameshasema. Mdogo wake ndiye mtu wa mwisho kutoka humu jana jioni. Ametoka tu, mzee puu! Chini."

Inspekta alichuchumaa kando ya kigoda cha fundi. Vigae vilikuwa vimezolewa, lakini chai ilikuwa imekauka pale pale ikaacha doa linalonata, na sisimizi walikuwa wamepanga foleni kulizunguka.

"Njoo uwaangalie mashahidi wako, Koplo."

"Sisimizi?"

"Tangu jana wanakula sumu yako. Unamwona hata mmoja aliyelala chali?"

Koplo alikuna kidevu. "Labda ni sumu ya binadamu tu."

"Labda ni sukari tu."

Alikaa kwenye kigoda chenyewe. Kilikuwa kifupi, kimeng'arishwa na miaka ya kukaliwa, na kukikalia ulilazimika kukunja magoti karibu na kidevu. Mbele yake baiskeli ilisimama miguu juu, gurudumu la mbele limetolewa. Karai la maji lilikuwa chini, na juu ya meza ya kazi mpira wa ndani ulikuwa umetandazwa. Mahali penye tundu palikuwa pamesuguliwa kwa msasa na kupakwa gundi. Gundi ilikuwa imekauka tangu jana ikingoja kiraka.

Inspekta aliinuka kwa ghafla, kama mtu aliyeitwa. Paji lake la uso likaja karibu kabisa na pembe ya meza, pale lilipofungwa jiliwa la kubania vyuma. Penye pembe hiyo palikuwa na damu kavu.

"Hakusukumwa," alisema.

"Tunajuaje?"

"Anayesukumwa hutanguliza mikono. Daktari anasema viganja vyake havina mchubuko hata mmoja. Huyu alisimama, na kabla hajaanguka alikuwa hayupo tena. Alidondoka kama nguo inavyodondoka kutoka kwenye kamba."

Koplo aliliona kopo la gundi limeachwa wazi, uso ukamng'aa. "Basi gundi! Harufu imemlevya!"

"Ameivuta tangu ujana wake, na milango yote miwili ilikuwa wazi. Gundi imlevye leo?"

Milango yote miwili. Inspekta aliutazama ule wa nyuma, wa kutokea kichochoroni. Komeo lake lilikuwa limepakwa mafuta. La mbele lilikuwa na kutu.

Juu ya kichwa chake, kwenye boriti, ilining'inia baiskeli ndogo ya mtoto, nyekundu, matairi yamekwisha upepo. Kila kitu kingine mle ndani kilikuwa na vumbi la raba. Ile haikuwa nalo.

Alikuwa bado anaitazama binti mkubwa alipoingia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sare ya kazi, macho mekundu, mkoba begani. Alisalimia kwa heshima, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kasha la nguo lililokuwa kwenye kona anakolala baba yake.

"Samahani, mama. Nachukua soksi. Miguu ya baba ni ya baridi, na kule blanketi zao ni fupi."

"Chukua, mwanangu. Halafu ukae hapa nikuulize mawili matatu."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, soksi mapajani, akizilaza moja juu ya nyingine. Alieleza bila kusitasita. Baba yao alikuwa akibanwa na kifua. Akisukuma baiskeli yenye mzigo, au upepo wa baridi ukimpiga, kifua kilikuwa kinamkaba mpaka jasho linamtoka. Kliniki walisema ni anjaina, moyo kukosa damu ya kutosha, wakamwandikia dawa ya kuzuia asibanwe.

"Si kidonge. Ni kiraka. Kinabandikwa kifuani, dawa inapita kwenye ngozi pole pole, mishipa inalegea. Baba alicheka mpaka akakohoa. Alisema, 'Maisha yangu yote nabandika viraka, leo nimebandikwa mimi.'" Alitabasamu, kisha akakumbuka alipo. "Nakuja kila asubuhi kabla ya kazi. Natoa cha jana, nasafisha, nabandika kipya pembeni, si palepale. Cha zamani nakikunja gundi kwa gundi na kukitupa mbali, mtoto asije akakiokota."

"Cha jana unakikuta bado kipo?"

"Kipo. Muuguzi alisema kitolewe jioni, mwili upumzike usiku. Baba hataki. Anasema kiraka kinachoshika hakibanduliwi. Sasa mama, fundi baiskeli utamfundisha nini juu ya viraka?"

Inspekta aliliweka neno hilo akilini, mahali pa vitu ambavyo bado havijapata mwenyewe.

"Na mdogo wako?"

Soksi zilikunjwa kwa nguvu. "Sina mdogo."

"Yuko kituoni. Amefanana na wewe mdomo."

"Mama yetu aliugua, nikamwita. Alizidiwa, nikamwita. Amekuja udongo wa kaburi umeshakauka." Sauti haikupanda hata kidogo. "Nilimwambia baba, siku huyu akitia mguu humu, mimi naukata wangu. Na jana ameutia, na ona."

"Baba alikujibu nini siku ile?"

"Hakujibu. Aliendelea kujaza upepo."

"Ile baiskeli nyekundu ni ya nani?"

Binti mkubwa hakuinua macho. "Si yangu. Ni ya zamani tu."

"Haina vumbi."

"Naipitishia kitambaa asubuhi. Isiote kutu, basi." Alisimama. "Naomba niende, mama. Akiamka asikose mtu."

Alipoondoka, Inspekta alimwaga debe la takataka juu ya gazeti. Yalitoka mabaki ya msasa, vipande vya raba, na vikaratasi vya fedha vinavyobanduliwa nyuma ya viraka vya baiskeli. Katikati yake kulikuwa na vipande vingine, vyembamba, vinavyoonyesha upande wa pili kama kioo, vya duara, vimepasuliwa katikati.

"Takataka za viraka, afande," alisema Koplo.

"Za viraka, ndiyo," alisema Inspekta, akatia kimoja kwenye bahasha.

Simu yake ikalia. Ilikuwa ni daktari wa wodi, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Bi Inspekta, huyu mzee ananishinda. Presha iko chini tangu jana. Kile kiraka cha kifuani tulikibandua tulipompokea tu, kwa hiyo dawa ingekuwa imeshamwisha mwilini. Tumemtundikia maji, presha inainua kichwa kidogo, inashuka tena. Kuna kitu kinaivuta. Niulizie jambo moja, na unisamehe. Je, anatumia dawa za nguvu za kiume? Zikikutana na dawa hii ya moyo, presha huporomoka hivi hivi."

"Nitauliza," alisema Inspekta. Alivuka barabara.

Mama mshonaji aliacha cherehani, akaweka mkono kifuani, akacheka mpaka uzi ukakatika.

"Yule? Nguvu zake zote anazimalizia kwenye pampu, shoga yangu! Tangu mkewe afariki, hata kanga ikipita barabarani haigeuzii shingo." Alijifuta machozi, na hayo ya mwisho hayakuwa ya kicheko. "Hapana. Mzee hana mambo hayo. Mzee ana wanawe tu."

"Wanawe wote wawili?"

Mshonaji alianza kutunga uzi upya kwenye sindano. Ilimchukua muda.

"Mdomo wangu ni mpana, bibie, lakini kuna mambo haupitishi. Leo naona nipitishe. Mkubwa anakuja asubuhi, mlango wa mbele. Mdogo tangu arudi anakuja jioni, mlango wa nyuma. Mimi kichochoro nakiona chote nikiwa hapa. Jioni ikikaribia, mzee anafungua komeo, anakaa kwenye kigoda chake, na hapo hata ukimletea baiskeli ya rais haishiki."

"Hukumwambia mkubwa?"

"Nimwambie ili iweje? Mzee alikuwa na furaha. Furaha ya mtu huiendei na mkasi."

"Na mdogo akitoka, anatoka vipi?"

"Anatoka mbio mbio, mkono umefumba hivi." Alikunja ngumi ndogo. "Kama kabeba kipepeo. Jana alitoka hivyo hivyo. Nikapiga mishono miwili mitatu, yeye akiwa anakaribia kona, ndipo nikasikia kishindo."

Inspekta alimshukuru. Mtu aliyekwisha kufika kwenye kona hawezi kumsukuma mzee wa watu. Lakini mkono uliofumba ulibaki umefumba.

Kituoni, binti mdogo alikuwa ameketi chumba cha mahojiano karibu na dirisha, koti kubwa la polisi mabegani. Inspekta alilitambua koti hilo kwa kifungo kilichokosekana. Alimgeukia Koplo. Koplo aliangalia dari.

"Alikuwa anatetemeka," alisema. "Mshukiwa akipata mafua, ni kesi juu ya kesi."

"Vitu vyake viko wapi?"

Vilikuwa kwenye sinia: ufunguo, kitana, leso, na kitu kidogo kilichokunjwa mara mbili mpaka kikagandana.

"Hicho nilikikuta mfukoni," alisema Koplo. "Kiraka cha mpira. Mtoto wa fundi baiskeli, nikaona si ajabu."

Inspekta alikishika kwa leso, asikiguse kwa kidole. Alikinusa. Hakikunuka raba, wala gundi. Alikiweka juu ya meza karibu na kile kipande cha duara kutoka kwenye bahasha. Upana wa vyote viwili ulikuwa mmoja.

Alivuta kiti, akakaa. Binti ndiye aliyeanza.

"Ameamka?"

"Bado."

"Wamemvalisha soksi?"

"Dada yako amempelekea."

Binti alifumba macho, akayafumbua. "Yeye hasahau," alisema.

"Jana jioni ulimfanyia nini baba yako?"

"Nilimsalimia."

"Na juzi?"

"Nilimsalimia."

"Salamu ya kuingilia mlango wa nyuma."

Nje mtu alikuwa akiosha gari, maji yakipiga bati.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Inspekta. "Presha ya baba yako imeshuka na haikubali kupanda. Daktari anahangaika kama mtu anayetafuta tundu kwenye mpira bila karai la maji. Anajaza, inatoka. Anajaza, inatoka. Kama wewe unajua tundu lilipo, ukinyamaza hapa humlindi."

"Nilimuahidi."

"Nani?"

"Baba. Aliniomba dada asijue. Dada akijua naingia mle, atakata mguu, na baba hawezi kuishi bila kumwona asubuhi." Alilikaza koti mabegani. "Mimi nilishamkosa mama. Sikutaka baba naye amkose mtu kwa ajili yangu."

"Dada asijue kwamba unakuja, au dada asijue kwamba unambandika?"

Binti aliinua uso. Aliitazama leso juu ya meza, na kile kilichokuwa ndani yake.

"Ni dawa yake tu, mama. Nilimkuta siku ya kwanza anashika kifua. Nikamuuliza, dawa huna? Akanipa cheti, akasema boksi lake limeisha, na dada siku hizi anakuja kufagia tu, amechoka na mambo ya viraka. Nikaenda duka la dawa, nikanunua. Hawakuwa na vile vya kwanza, wakanipa hivi vinavyoonekana kama kioo. Ni dawa ile ile. Kila jioni nabandua cha jana, nabandika kipya. Kile cha zamani naondoka nacho, dada asikione."

"Hukuona kingine kifuani?"

"Havui fulana yake, anaipandisha nyuma tu. Aliniambia kifua kina vinywele, gundi haishiki."

"Kwa hiyo jana ulimbandika wapi?"

"Mgongoni. Kati ya mabega. Mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki."

Inspekta alikuwa ameshasimama. Mzee alilazwa chali. Tangu jana analazwa chali, na maji yanaingia mkononi, na mgongoni, chini ya fulana ya hospitali, dawa inaendelea kuingia taratibu, bila haraka, kama ilivyotengenezwa kufanya.

Alipiga simu ya daktari. Iliita mpaka ikakatika. Hospitali ilikuwa nyuma ya kituo, ng'ambo ya uwanja wa gwaride.

"Mlete huyu binti!" alimwambia Koplo, akatoka.

Askari wa zamu kaunta alisimama kalamu ikiwa mdomoni. Wengine walitoka mpaka barazani kushuhudia.

"Jamani," alisema mmoja, "Bi Taratibu anakimbia."

Wodini binti mkubwa alikuwa ameketi kando ya kitanda, kiganja chake kimefunika nyayo za baba yake juu ya soksi. Muuguzi alikuwa akifunga mkanda wa kupimia presha kwenye mkono wa mzee. Inspekta alishika nguzo ya kitanda ili apate pumzi.

"Mgeuzeni," alisema. "Mgongo. Uangalieni mgongo."

Muuguzi hakuuliza kwa nini. Alivaa glovu, akasugua mikono yake kwanza ipate joto, ndipo akamshika mzee bega na kiuno na kumgeuza ubavu kama anavyogeuzwa mtoto mchanga. Akapandisha fulana. Hapakuwa na kitu. Kisha aliinama zaidi, na mwanga wa dirisha ukateleza juu ya duara jembamba linalong'aa kati ya mabega, lenye rangi ya ngozi kwa kuwa ngozi ilionekana ndani yake.

"Mungu wangu," alisema muuguzi. "Kingine."

Alikibandua, akakikunja gundi kwa gundi, akapafuta mahali pake kwa kitambaa chenye maji, akapakausha. Binti mkubwa alikuwa amesimama.

"Hicho si changu," alisema. "Vyangu ni vya mraba. Nani kaweka hicho?"

"Mimi," ilisema sauti mlangoni.

Binti mdogo alikuwa amesimama hapo, koti la polisi likimfika magotini, Koplo akihema nyuma yake. Dada yake alimtazama. Ilionekana kama atasema maneno yote aliyoyaweka tangu siku ya kaburi, lakini muuguzi aliinua kidole, na wote walinyamaza, kwa sababu alikuwa anapima.

Walingoja. Daktari alikuja, akasikiliza, akasoma kipimo, akakaa kwenye kitanda kitupu cha jirani, na kwa mara ya kwanza mabega yake yakashuka. Alipima tena. Akapima tena. Kila alipopima, presha ilikuwa imepanda kidogo, na ile iliyopanda haikurudi.

"Nielezeni," alisema mkubwa. "Ni sumu au si sumu?"

"Ni dawa," alisema daktari. "Kiraka kimoja humlegezea mishipa, moyo ukafanya kazi bila kukabwa. Viwili vimelegeza kupita kiasi. Mtu wa hivyo akiinuka ghafla kutoka kwenye kigoda, damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Na kuna la pili. Kikivaliwa usiku na mchana, mwili unakizoea, na mwisho kifua kinaanza kubana tena kama vile hakuna dawa. Ndiyo maana tunasema asubuhi kubandika, jioni kubandua. Alikuwa analalamika kichwa?"

"Aliniambia ni jua," alisema mkubwa.

"Mimi aliniambia ni gundi," alisema mdogo.

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na nusu ya maumivu ya kichwa ya baba yao, na hakuna aliyekuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kitandani, mzee alifungua macho. Alimwona mkubwa. Kisha macho yake yakasafiri pole pole kwenye ukuta, kwenye dirisha, yakafika kwa mdogo, yakasimama hapo. Yakarudi kwa mkubwa. Aliwatazama hivyo mara kadhaa, kama mtu anayekagua gurudumu kama limenyooka.

"Mko humu wote," alisema.

"Shikamoo baba," walisema kwa pamoja. Hawakuwa wamekusudia.

Inspekta alisogeza kiti. Kazi yake ilibakiza maswali machache.

"Fundi, ulikuwa unajua una viraka viwili."

"Nilijua."

"Na ulijua dawa ni kimoja."

Mzee alilamba midomo iliyokauka. Muuguzi alimnywesha maji kwa kijiko kabla hajajibu.

"Kifua nilimpa mkubwa," alisema. "Mgongo nikampa mdogo. Nilidhani nimewagawia sawa." Alipumzika. "Huyu anakuja kwa sababu ya kiraka. Na huyu anakuja kwa sababu ya kiraka. Ningemwambia yupi kwamba mwenzake ameshabandika? Nikimwambia, kesho haji. Na mkono wa mwanao ukikugusa kila siku, mama Inspekta... Yule mkubwa anabonyeza kama mama yake. Yule mdogo anapuliza kwanza, kama nilivyomfundisha kupuliza gundi ikauke."

Koplo alijifanya anasoma karatasi ya zamu ukutani.

"Jana ulisimama kwenda wapi, ghafla hivyo?"

"Sikwenda popote. Nilisimama nimwone akikata kona. Ukikaa kwenye kigoda, kona haionekani."

Daktari alikohoa. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wakiguswa hushika kazi yao. "Fundi, sasa unisikilize. Usije ukasema basi naviacha. Ukikatisha dawa hii ghafla, kifua kitakubana upya, pengine vibaya kuliko mwanzo. Leo utapumzika. Presha ikitulia, tutaanza tena, kiraka kimoja. Kimoja tu, mahali pasafi, pakavu, na kila siku pahali pengine. Ukitaka kuinuka, kaa kwanza, vuta pumzi, ndipo usimame. Na jioni kinabanduliwa."

"Kiraka kinachoshika hakibanduliwi," alisema mzee, kwa sauti ndogo lakini ya fundi.

"Cha baiskeli, sawa. Mpira hauna usingizi. Moyo unao. Hiki kisipobanduliwa jioni, asubuhi hakifanyi kazi."

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo kuna kazi ya asubuhi," alisema, "na kuna kazi ya jioni."

"Ndivyo."

Aligeuza uso upande wa dirisha, akawaacha.

Binti mkubwa alikuwa anaivuta soksi ya baba yake, ingawa ilikuwa imekaa vizuri. Aliivuta tena. Inspekta alifunga mkoba wake bila kutoa sauti, akamwashiria Koplo waondoke, lakini Koplo hakuondoka, kwa sababu koti lake lilikuwa bado mabegani mwa mtu.

"Mimi jioni sipati nafasi," alisema mkubwa, akiiambia soksi. "Natoka kazini nimechelewa, na watoto wananingoja."

Maji yalidondoka kwenye mpira wa dripu.

"Mimi jioni napata," alisema mdogo.

Mkubwa alinyoosha blanketi fupi, akalivuta lifike kwenye vidole vya miguu, likakataa, akalivuta tena. Mdogo alivua koti la polisi, akalitandaza juu ya miguu ya baba yao. Mkubwa aliitazama mikono ile ikitandaza, na hakuiondoa.

"Basi uingie kwa mlango wa mbele," alisema. "Kama mtu wa nyumbani."